Nani Anakula Nyasi za Baba?

Baba yangu, Hatem, alifanya kazi forodhani Matrah, bandarini Oman, tangu kabla sijazaliwa, na kazi yake ilikuwa kufungua makasha ya watu. Alikuwa akigonga ubao kwa kifundo cha kidole, akitega sikio, kisha akikwambia kama kasha lile lina sakafu moja au mbili. Wenziwe, Waunguja kama yeye, walimpa jina la Hakipiti, maana kitu kilichofichwa hakikupita mbele yake.

Alipostaafu, jicho lile halikustaafu naye. Akalihamishia jikoni.

"Afra, mbona kopo la hiliki leo liko nyuma ya la mdalasini?" alikuwa akimuuliza Mama. "Afra, gunia hili la mchele limefunguliwa na lile bado halijesha?"

Mama alivumilia kwa kadiri ya uwezo wake. Siku moja nilipokwenda kuwatazama nikamkuta amesimama mlangoni mwa jiko, upawa mkononi, kama askari wa mpakani.

"Mazoon, mwanangu, mtafutie babaako kazi. Yoyote. Ukiikosa, mie ntakwenda kuajiriwa, nimwachie yeye jiko."

Mimi ni daktari wa meno, na kazi ninazozijua ni za vinywani mwa watu. Nikasema la kwanza lililonijia.

"Baba, kwa nini usipande bustani?"

Nyumba yetu iko juu ya Wadi Kabir, pale barabara inapoziacha gereji na kuanza kupanda. Nyuma ya ukuta wetu hakuna jirani tena, ni majabali tu. Uwanja ulikuwa kokoto tupu, na katikati yake mndimu mmoja alioupanda Mama. Joto lilipovunjika mwaka ule, Baba akaleta udongo lori zima, akausawazisha kwa ubao mrefu, akatandaza mabomba ya maji, akapanda nyasi. Si bamia, si mchicha kama Mama alivyotaka. Nyasi.

"Zinaliwa?" Mama aliuliza.

"Zinatazamwa," Baba akajibu.

Na kweli zilitazamika. Kufika Desemba uwanja mzima ulikuwa kijani kibichi, laini, na gari zilizokuwa zikipita kwenda kugeuza kule juu zilipunguza mwendo ili watu watazame. Baba akaziacha zikue ndefu kidogo, kwa sababu alipenda zilivyolala upepo ukipita. Chini ya mndimu alitandika makuti makavu ili udongo usikauke. Makuti yaliyobaki akayarundika kwenye ukuta wa nyuma. Na akaweka sharti: hakuna mtu kukanyaga. Bupe, dada wa Tukuyu anayemsaidia Mama kazi za nyumbani, ikabidi akienda kuanika nguo azunguke uwanja mzima kwa kufuata ukuta.

"Baba, kamba ya nguo ile pale," Bupe alimwambia. "Nikinyoosha hatua chache nimefika."

"Zunguka, binti yangu. Kutembea ni afya."

Mama akawa anawaambia mashoga zake kwenye simu kwamba kaletewa mke mwenza. "Asubuhi ananyweshwa, jioni ananyweshwa. Mie chai nnajipikia mwenyewe."

Lakini hata yeye alianza kuvuta kiti barazani saa za alasiri, akakaa kuitazama ile rangi. Ndipo Baba alipotangaza kwamba vunja jungu ya mwaka huu, ile karamu yetu ya siku za mwisho za Shaabani kabla ya kufunga, itafanyika kwake, nje, kwenye majani. Akawapigia simu wenziwe wote wa forodhani na wake zao. Mama akauliza kama wageni watakula wakining'inia hewani, maana kukanyaga ni haramu. Baba akasema siku hiyo ataruhusu, ila bila viatu.

Mwezi wa Januari ulipokuwa ukingoni, akanipigia simu zahanati, nina mgonjwa mdomo wazi.

"Mazoon, njoo. Majani yangu yana barabara."

Nilikwenda jioni. Zilikuwepo kweli. Vijia vyembamba, upana wa vidole viwili hivi, vilipita katikati ya nyasi ndefu, vikapinda, vikakutana, vikaachana tena, kama mtu aliyechora ramani ya mji kwa ncha ya fimbo. Ndani ya vijia nyasi zilikuwa zimekatwa usawa wa ardhi. Hapa na pale palikuwa na matundu ya mviringo, wazi, safi, bila kifusi kikubwa mdomoni.

"Paka wa jirani," Baba akasema.

"Paka hali majani, Baba."

"Basi ni maradhi. Ntaongeza maji."

Akaongeza maji. Barabara nazo zikaongezeka.

Bupe alikuja na kapu lake la nguo, akatazama, akatikisa kichwa. "Hao ni fuko. Kwetu walimmaliza mama yangu viazi. Fuko anakaa chini tu, humwoni, unaona tuta linainuka."

"Liko wapi tuta?" Mama akamuuliza.

Bupe akatafuta tuta, hakuliona. Matundu yalikuwa wazi na fuko hufukia mlango wake. "Basi labda fuko wa Kiarabu," akasema, na sote tukacheka, isipokuwa Baba.

Mimi nilikwenda kwenye mndimu. Nilifunua makuti, na chini yake nikakuta gome la shina limetafunwa pande zote, mti umebaki mweupe kama mfupa kwa kiasi cha kiganja. Nikapiga magoti, nikawasha taa ya simu. Hapo sasa nilikuwa kazini kwangu. Yalikuwa makwaruzo ya meno mawili mawili, yamekaa sambamba, membamba kuliko ukucha wa kidole changu kidogo.

"Huyu ana meno mawili ya mbele, juu na chini," nikawaambia, "na ni mdogo. Panya buku angeacha alama pana zaidi. Ni panya wa aina fulani, lakini si yule wa jikoni."

"Kama ni panya, dawa yake naijua," Baba akasema. Kesho yake akateremka Wadi Kabir akarudi na pakiti ya sumu.

Mama akaipokea mlangoni, akaisoma mbele na nyuma, akamrudishia. "Na paka wa jirani akimla huyo panya? Na wajukuu wa watu wakija kwenye vunja jungu, wakiokota punje? Irudishe, baba Mazoon. Katika nyumba yangu hakuna atakayekufa kwa sumu."

Akairudisha. Akarudi na mitego miwili, ile ya kisanduku cha waya ambayo mnyama akigusa chambo mlango unajifunga nyuma yake bila kumdhuru. Akaweka jibini ndani, akaitega katikati ya uwanja. Ikapita siku, ikapita ya pili. Jibini ikakauka ikawa kama kipande cha sabuni.

"Umeitega pasipo na njia," Bupe akamwambia. "Mnyama hatoki barabarani kwake kukufuata wewe. Iweke juu ya barabara yake, mdomo wa mtego ufuate kule anakotoka."

Baba akamtazama, akaona ni maneno ya maana. Hata wenye magendo hupita njia yao. Mitego ikahamishiwa kwenye vijia, mmoja karibu na mndimu, wa pili karibu na ukuta wa nyuma.

Mama naye akatoa shauri la chambo. "Panya gani wa kula jibini? Nnakwenda kupika kashata za njugu. Hizo hata mie ukinitegea utanipata."

Akapika sinia zima, harufu ya njugu na sukari ikajaa nyumba. Hapa lazima niseme kwamba Baba ana maradhi ya sukari. Kashata amekatazwa na daktari, na daktari akisahau, Mama hasahau. Kwa hiyo sinia likafungiwa kabatini, ufunguo ukaingia kwenye mkoba wa Mama, na kila jioni Mama mwenyewe akawa anatoa vipande viwili, akavitia mitegoni kwa mkono wake.

Asubuhi ya kwanza mtego wa karibu na ukuta ulikuwa mtupu. Kashata imeliwa, mlango haukufunga. Ule wa mndimu kashata ilikuwa imeng'atwa pembeni tu.

"Mjanja sana huyu," Baba akasema.

Asubuhi ya pili vilevile. Na ya tatu. Baba akawa anatusimulia kwa heshima kubwa jinsi mnyama huyu anavyojua kuichomoa kashata bila kugusa waya. "Katika kazi yangu yote," alisema, "sijapata kuona mwizi mwenye mkono mwepesi namna hii."

Nilikuwa nimelala kwao mwisho wa wiki ile. Alasiri Mama akaniita jikoni. Alikuwa na mfuko wa unga mkononi.

"Mazoon, kule nyuma kuna vigae vya bafu vilivyobaki. Tuvipange kandokando ya mitego, tuvinyunyizie unga. Anayepita ataacha nyayo, na nyayo zitatwambia ni nani. Lakini babaako asijue. Ataanza kutoa amri."

Tukafanya hivyo Baba alipokwenda msikitini kusali Maghrib. Unga tuliunyunyiza kwa chekecheke, mwembamba kama vumbi.

Asubuhi, baada ya Alfajiri, kulipoanza kupambazuka, tulitoka sote wanne. Mama mbele, Bupe nyuma yake na kikombe cha chai. Baba alikuja wa mwisho, na alipoona unga akasimama ghafla.

Kwenye vigae vya mndimu nyayo zilikuwa nzuri mno hata Mama akapunguza sauti. Vidole vidogo vilivyochanuka, miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, na katikati mstari mwepesi, kama unyoya umeburutwa. Tukakisia kwamba ni za panya wa kuruka-ruka, mwenye mkia mrefu.

Kisha tukaenda kwenye mtego wa ukutani. Hapo, juu ya unga, palikuwa na wayo mmoja wa kulia wa mtu mzima, peku, na kidole gumba kimepinda nje.

Katika nyumba ile mwenye kidole gumba kilichopinda ni mmoja. Kasha la vipuri lilimwangukia bandarini mimi nikiwa skuli.

Bupe alitazama kikombe chake. Mama akainama, akautazama wayo ule kwa makini sana, kama anayesoma khati ndogo, akainuka.

"Huyu panya ni mkubwa," akasema. "Na gome la mndimu sidhani kama ni yeye. Huyu anapenda vitu vitamu."

"Afra…" Baba akaanza.

"Bwana Hakipiti. Leo umepita wewe."

Bupe ndiye wa kwanza kushindwa. Chai ilimwagika yote. Mimi nilikaa chini hapohapo kwenye ukingo wa baraza, na Mama, aliyekusudia kukasirika, alijaribu kuukaza uso mara mbili, ukamtoroka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Baba alisimama na miguu yake peku, akasubiri, kisha naye akaanza, kwanza mabegani, halafu mwili mzima.

"Ile ya kwanza nilikwenda kuikagua tu," akasema alipoweza kusema. "Wallahi, kuikagua."

"Na ya pili?"

"Ya pili nilikuwa nshajua ladha yake."

Tulipomaliza, Mama alimpima sukari, akamnunia hadi saa ya chakula cha mchana, kisha akabadilisha chambo. Njugu zilizosagwa, bila sukari, zikapakwa kwenye kibao cha mtego ili mnyama alazimike kusimama pale na kulamba. Mitego yote miwili ikawekwa kwenye njia za mndimu.

Kesho yake tulikuwa na mgeni.

Alikuwa amekaa pembeni ya kisanduku, ametulia kuliko sisi. Rangi yake ya mchanga, tumbo jeupe, macho meusi makubwa. Mkia haukuwa ule wa upara wa panya wa nyumbani. Ulikuwa na manyoya mpaka mwisho, na ncha yake kishungi cheusi kama brashi ya wanja.

"Yarabi, masikini!" Mama akasema. "Mtazame alivyo mzuri!"

"Kala mndimu wako," Baba akamkumbusha.

"Kala. Lakini mzuri."

Sasa tulimjua. Panya wa jangwani, wa kule kwenye majabali na mabonde makavu, anayekula mbegu na mizizi na kila kitu kibichi anachokipata. Baba alichuchumaa mbele ya kisanduku muda mrefu. Alitazama mnyama, akatazama jabali lililo nyuma ya ukuta, kavu, bila jani, akatazama uwanja wake.

"Kumbe nimemwalika mwenyewe," akasema polepole. "Maji nimempa. Chakula nimempa. Majani nimeyaacha marefu ili mwewe asimwone. Na yale makuti pale ukutani, nimemjengea nyumba."

Nilimwona akifurahi. Tangu astaafu sikuwahi kumwona vile, uso wa mtu aliyegonga ubao akasikia sakafu ya pili.

Siku ile hakukaa. Rundo la makuti likaondolewa, na chini yake tukakuta kiota cha nyasi zilizokatwa vipande vipande, kimepangwa vizuri, kitupu. Makuti ya chini ya mndimu nayo yakatolewa, udongo ukaachwa wazi kuzunguka shina. Baba akakata waya wenye matundu madogo, akalizungushia shina bila kulibana, akaufukia chini kiasi cha shubiri ili mnyama akishindwa kupanda asichimbe pia. Kila tundu akalifunga kwa udongo, akachomeka kijiti pembeni. Asubuhi tuliyaangalia. Yaliyofunguliwa tena ndiyo yenye wenyewe, na huko ndiko mitego ilikokwenda. Maji akayapunguza. Mwisho akatoa mashine, akasimama nayo kwenye ukingo wa nyasi, akavuta pumzi kama anayeingia baharini, akazikata fupi.

"Zinapendeza hivi pia," Mama akamwambia. Alisema kwa upole, na Baba alishukuru.

Halafu Baba akamwita Bupe. "Binti yangu, kuanzia leo pita katikati. Pita mara nyingi kadiri upendavyo. Mnyama huyu hapendi makelele juu ya kichwa chake."

Bupe akavua ndara, akaliweka kapu la nguo kichwani, akapita katikati ya uwanja moja kwa moja, mabega nyuma, kama bibi harusi. Alirudi akapita tena, na kapu halikuwa na kitu.

Tuliwanasa wengine, kila baada ya siku mbili tatu, na tuliwachukua kwa gari. Tuliifuata barabara ya Quriyat mpaka nyumba zikatuishia, tukaingia kwenye bonde lenye mawe na vichaka vya migunga. Baba alivaa glovu za bustani, akaweka kisanduku chini, akafungua mlango. Mnyama alisita kidogo, akanusa, akapotea kati ya mawe kwa miruko mirefu.

"Huna cha kutangaza," Baba akamwambia kwa nyuma, kama alivyokuwa akiwaambia wasafiri forodhani. "Pita."

Wiki moja kabla ya vunja jungu vijiti vyote vilibaki vimesimama kando ya matundu yaliyofungwa, na hakuna lililofunguliwa. Nyasi hazikuwa zile za Desemba. Palipokuwa na barabara palibaki mistari ya udongo, na Mama hakungoja ruhusa. Kwenye ule mpana zaidi, karibu na jiko, alimwaga mbegu za mchicha. Zilipoota, Baba alizikuta asubuhi, akachuchumaa, akazikagua. Alirudi na kipande cha waya kilichobaki, akauzungushia ule mstari.

Wageni walikuja alasiri, jua limeshapoa. Kulikuwa na biriani, pweza wa nazi, mkate wa kumimina, na chungu kikubwa cha urojo ambacho Bupe alikuwa amejifunza kukipika vizuri kuliko sisi tuliozaliwa na Waunguja. Viatu vilijaa barazani. Wazee wale wa forodhani walikanyaga nyasi kwa tahadhari, wakacheka kwa kutekenywa nyayo, wakakaa kwenye mikeka na kuanza kumuuliza Baba mistari ile ni ya nini. Akawasimulia yote. Nilidhani ile sehemu ya unga ataipita. Hakuipita. Aliisimulia amesimama, akainua mguu wake wa kulia ili wakione kidole, na Abdulrazak, rafiki yake wa tangu ujana, alilala chali kwenye mkeka kwa kicheko.

Chakula kilipotulia, mmoja wa wake zao akauliza kama kuna mpira. Wote walicheza nage zamani walipokuwa wasichana, ule mchezo wa wawili kusimama ncha mbili na kumpiga kwa mpira yule wa katikati. Shihab, mdogo wangu, akaleta mpira laini wa watoto. Wanawake wale, wengine na magoti yao ya matatizo, wakafunga leso viunoni. Mama akachukua ncha moja.

"Nani anaingia kati?" akauliza.

Hakuna aliyejitokeza. Basi Baba akaondoka kwenye mkeka, akakunja kanzu yake mpaka magotini, akaingia katikati ya nyasi zake.

Mpira wa kwanza alikwepa vizuri sana, na wazee wakampigia makofi. Wa pili akaruka, akatua kwa mguu mmoja, akageuka kuwaonyesha wenziwe. Mama alisubiri ageuke. Ulimpata katikati ya mgongo.

Baba akaanguka kwa makusudi, kifudifudi, mikono imetandazwa, na akabaki palepale akicheka, shavu limelala kwenye majani.

"Inuka, baba Mazoon," Mama akasema, tayari ameunyoosha mkono aletewe mpira. "Sijamaliza na wewe."